Kupe wa Jua

Asubuhi ya Alhamisi mbuzi wa mkuu wa shule aliitwa jina kwenye gwaride, na akaitika.

"Jumbe Msengi, Kidato cha Tatu," kilisema kisanduku kilichofungwa juu ya mlingoti wa bendera, kwa ile sauti yake ya mtu aliyemeza rula. "Kijani."

"Mee," alisema mbuzi. Alikuwa amesimama katikati ya mstari wa wavulana, kupe wa Jumbe, kile kipimo kidogo cha jua cha kila mwanafunzi, amebandikwa vizuri kabisa nyuma ya sikio.

Wanafunzi mia sita wa Sekondari ya Ilongwe walicheka hadi kofia zikawadondoka, jambo ambalo kwenye gwaride la saa nne lilikuwa kosa. Eliwaza Kitundu, mwalimu wa baiolojia na mwalimu wa zamu wiki hiyo, aliuma ulimi asicheke nao. Jumbe mwenyewe alikuwa nyuma ya bwalo, kichwa wazi, akipiga danadana juani. Mbuzi hushinda kwenye baraza ya mkuu wa shule, kivulini tangu asubuhi hadi jioni, kwa hiyo kwa mujibu wa kisanduku Jumbe ndiye aliyekuwa na ngozi salama kuliko vijana wote wa mkoa. Mwezi uliopita alipewa hata cheti.

"Kofia vichwani!" Eliwaza alipiga kelele. "Kila mtu na mwenzake wa kisogo! Masikio kwanza, halafu shingo! Nani huyo anapaka kama anayechovya sambusa? Paka mpaka kwenye mizizi ya nywele!"

Mikono elfu moja na mia mbili ikainuka na mafuta ya jua. Wakapakana wakiimba wimbo wao wa mchakamchaka, kiongozi akiita "Sikio!" na wengine wakijibu "Paka!", "Kisogo!" na "Paka!", "Ukisahau?" na "Umeiva!"

Katikati ya wimbo kisanduku kikaendelea na orodha.

"Sayuni Mughenyi, Kidato cha Tatu. Nyekundu. Siku ya kumi."

Wimbo ukakatika. Hakuna aliyecheka tena, hata mbuzi alinyamaza.

Sayuni alikuwa amesimama mwisho wa mstari wa wasichana, ndani ya kivuli cha ukuta, nusu hatua tu kutoka kwenye mwanga. Alikuwa na ualbino. Kofia ya pama, miwani, mikono mirefu mpaka kwenye vidole, soksi mpaka magotini, yote hayo aliyavaa kabla shule haijaamuru mtu yeyote avae. Wengi pale walijifunza kufunga kitambaa cha shingo kwa kumtazama yeye.

Aligeuza kichwa polepole, akamtazama Eliwaza. Eliwaza akajifanya anasoma orodha.

*

Tangu anga lipungue unene, jua la nyanda za Iramba halikuwa kitu cha kuzoeana nalo. Ng'ombe walijipanga mstari mmoja kwenye kivuli cha nguzo ya umeme, na kivuli kilivyozunguka nao wakazunguka, hata mpishi wa shule akawa anapika kwa kuangalia ng'ombe: wakielekea kanisani, maharage yanabandikwa, wakielekea zahanati, ugali. Mtu mzima akijisahau nje adhuhuri alirudi ndani akiwa na rangi asiyoijua mama yake. Vijana ndio walikuwa shida kubwa zaidi, maana kijana ukimwambia jua litakuumiza ukiwa na miaka hamsini anakuangalia kama umemtajia mwaka ambao nyota fulani itakufa.

Ndipo wakaletwa wale kupe. Kwenye makaratasi ya serikali walikuwa na jina refu, ila wanafunzi waliwaona tu wameng'ang'ania kisogoni na jina likapatikana siku hiyo hiyo. Kila kupe alipangiwa ngozi ya mtu wake. Jua likikaribia kipimo alileta njano, likipita alileta nyekundu na kukuwasha mpaka uingie ndani. Nyekundu siku kumi ndani ya muhula mmoja, mwanafunzi alihamishiwa Shule ya Chini.

Shule ya Chini ilikuwa ndani ya mgodi wa zamani wa dhahabu, mita tisini chini ya ardhi. Haikuwa mahali pabaya, kila mtu alisema hivyo kwa haraka. Kulikuwa na taa, vitabu, nyama mara mbili kwa wiki. Ila waliotoka kule walisimama mlangoni mwa nyumba zao wiki nzima bila kuthubutu kukanyaga ua, na kuna mmoja, inasemwa, alikuwa akifumba macho hata friji inapofunguliwa.

"Gari linakuja kesho," alisema Mwalimu Shango, mkuu wa shule. Alikuwa amekaa ofisini akiondoa gundi kwenye sikio la mbuzi kwa mafuta ya taa. "Afisa Jua wa mkoa anakuja mwenyewe. Mwambie binti afunge sanduku lake."

Eliwaza alikuwa anatembea kutoka dirishani hadi kabatini na kurudi. Tangu saa nne hakuwa ameketi.

"Mkuu, yule binti hajavua kofia tangu azaliwe."

"Kisanduku hakina chuki na mtu, madam."

"Wala hakina akili."

"Ndiyo maana tunakiamini. Wewe tulia kidogo, unanichosha macho." Mkuu alimfinya mbuzi sikio. "Na huyu Msengi nitamwonyesha. Mbuzi wangu ana cheti cha afya kuliko mimi!"

Eliwaza hakutulia. Kuna jambo alilolijua yeye, na mtu mwingine mmoja aliyekuwa amekwisha hamia ng'ambo, na jambo hilo lilikuwa limeanza kumwasha kuliko kupe yeyote.

Miaka mitatu nyuma, kupe walipokuwa bado mezani kwenye mabakuli kama dengu, fundi mkuu aliwauliza walimu wa baiolojia wa mkoa: alama ya nyekundu tuiweke wapi? Ngozi ya fulani inavumilia dakika ishirini. Tuweke ishirini?

Eliwaza ndiye aliyenyoosha mkono. "Mwanangu," alimwambia fundi, "kwetu hapa harusi ikiwa saa kumi, kwenye kadi tunaandika saa nane. Ukiandika saa kumi watu watakuja saa kumi na mbili wakute mnakunja viti. Hawa vijana wataiba tu. Atamfunika kupe na kola, atambandika kwenye mkoba. Ukitaka aingie ndani dakika ya ishirini, mwambie kumi na mbili."

Ukumbi mzima ulicheka na kupiga makofi. Fundi naye alicheka, akasogeza alama. Haikuandikwa popote. Mambo ya kadi hayaandikwi, kila mtu anayajua.

Na ilifaa. Mwaka mmoja kabla ya kupe, Ilongwe ilipeleka wanafunzi saba hospitali ya ngozi, na mmoja wao, msichana aliyekuwa akikaa dawati la mbele, alirudi na nusu ya sikio. Tangu kupe waje hakwenda hata mmoja. Kila mtu aliiba kidogo, na kile alichoiba, Eliwaza alikuwa amekwisha kukiacha pembeni kwa ajili yake. Hesabu ilikaa sawa kabisa.

Hakuwa amemfikiria mtu mmoja tu: yule ambaye haibi. Yule mgeni anayesoma kadi, akavaa vizuri, akafika saa nane kamili, akakuta ukumbi umefungwa, na badala ya kuombwa radhi akaandikiwa kosa.

*

Alimkuta Sayuni maabara baada ya chakula, anawafundisha watoto wawili wa Kidato cha Kwanza kukunja kitambaa cha shingo. Sanduku lake la bati lilikuwa tayari mlangoni.

"Nendeni," Eliwaza aliwaambia wale wadogo. Walipotoka akafunga mlango, akafungua, akachungulia, akafunga tena.

"Shikamoo, madam. Unatafuta mtu?"

"Marahaba. Vua koti mkono mmoja. Nikupime."

Kabatini kulikuwa na kipimo mama, kifaa kizito chenye umbo la pasi ndogo, ambacho kwa kanuni kilitolewa mara moja kwa mwaka. Kupe alisoma jua linalokupiga. Kipimo mama kilisoma ngozi yenyewe, kikahesabu kila kuungua kulikowahi kuingia ndani yake tangu utotoni, hata kule ambako hukukuona na hukukusikia. Ngozi huweka vyote na haifuti. Ukifika arobaini, hospitali.

Eliwaza alikibana kwenye mkono wa Sayuni. Kililia taratibu, kikaandika namba.

"Tisa," alisema Eliwaza.

"Tisa za muhula huu?"

"Tisa za maisha yako yote."

Sayuni alivua miwani, akaisogelea namba mpaka pua ikakaribia kugusa kioo. "Miaka kumi na sita, mara tisa. Na kupe anasema muhula huu peke yake mara kumi." Alirudisha miwani. "Basi hapa kuna mwongo, madam. Na kwa kuwa mimi najijua, nabaki nauliza kuhusu huyu wa kisogoni."

Eliwaza alikuwa ameandaa maneno mazuri. Yakapotea yote. Akamweleza kama yalivyo, harusi, kadi, fundi, makofi ya ukumbi, akizungukazunguka meza muda wote huku akigusa chupa moja moja kana kwamba anazihesabu.

Sayuni alimsikiliza bila kusogea.

"Kwa hiyo ningemfunika kupe na kola kama wenzangu," alisema mwishowe, "saa hizi ningekuwa kijani."

"Ndiyo."

"Na Jumbe ana cheti."

"Mbuzi ana cheti," alisema Eliwaza, na kwa sekunde moja wote wawili walikaribia kucheka. Kicheko hakikutoka.

"Sikiliza, mwanangu. Orodha inafungwa saa kumi na mbili jioni. Mbandue sasa hivi, mweke kabatini kwangu kwa muda wa saa tatu. Kisanduku kitasoma upya, siku yako ya kumi itafutika. Hakuna atakayejua."

"Madam ananifundisha kuiba?"

"Nakufundisha kubaki shuleni!"

"Mama yangu alinionyesha kivuli changu," alisema Sayuni. "Nilikuwa sijaanza hata chekechea. Akaniambia, kikiwa kifupi kuliko wewe, ingia ndani. Akaniambia na sababu, na akanionyesha shavu la mjomba lililoliwa na jua. Nililia siku mbili. Lakini hakuniongezea hata neno moja, hakuniambia kuna jini. Sasa mimi nimbandue kupe nimfiche kabatini kama sufuria ya wizi? Nimefanya nini?"

"Hujafanya kitu."

"Si uwaambie, basi?"

Eliwaza alisimama. "Nikiwaambia kupe anadanganya dakika nane, unadhani watasikia dakika nane? Watasikia anadanganya. Watawabandua wote. Siyo hapa tu, mkoa mzima, kufikia Jumatatu. Mimi ndiye niliyemsindikiza yule msichana hospitali, Sayuni. Nilimshikia bakuli. Nimekaa miaka mitatu bila kushika bakuli."

Nje mtoto mmoja alipita akiimba ule wimbo wa kupaka, peke yake, bila mtu wa kumwitikia.

"Kwa hiyo mimi nishuke mgodini," alisema Sayuni, "ili wao wavae kofia."

Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira, Eliwaza angepata pa kushikia. Alikunja mkono wa koti lake, akafunga kifungo, akaenda kukaa juu ya sanduku lake la bati mlangoni, magoti pamoja, kama mtu ambaye gari lake limekwisha fika.

*

Afisa Jua, Bwana Makiya, alisema atafika saa moja asubuhi, kwa hiyo alifika saa tatu na nusu. Gari lake lilikuwa na vioo vyeusi kama masufuria. Wanafunzi walikuwa wamesubiri barazani tangu alfajiri, na waliposimamishwa kwenye gwaride jua lilikuwa limekwisha panda juu ya bweni la wavulana.

"Nitakuwa mfupi," alisema Makiya, mtu mpole mwenye mwavuli mpana uliomfunika yeye, dereva wake na sehemu ya mkuu wa shule. "Shule ya Chini si adhabu. Ni upendo ulioko mbali kidogo. Sayuni Mughenyi, njoo mama."

Sayuni alitoka mstarini na sanduku lake. Alitembea kandokando ya ukuta, kivulini, hata hapo hakukata kona.

Eliwaza hakuwa amelala. Usiku alikuwa ameamua mara nne, mara mbili hivi na mara mbili vile. Sasa aliona tu kwamba miguu yake imepanda ngazi ya baraza na mkono wake umeshika kipimo mama.

"Simama hapo, Sayuni," alisema. "Bwana Afisa, huyu mtoto haendi. Kupe wake ameongezewa chumvi. Wote wameongezewa. Ngozi ya dakika ishirini, kupe anapiga kelele dakika ya kumi na mbili. Mimi ndiye niliyesema waongezewe, kwa sababu nilijua mtaiba. Mkaiba kweli. Huyu peke yake hakuiba, na ndiye mnataka kumshusha."

Kisha sauti fulani ikasema kutoka mistari ya nyuma, "Kumbe!"

Basi ikawa kama alivyomwambia Sayuni maabara. Mikono ikaenda visogoni. Kupe mia sita walibanduliwa kwa mlio kama mvua juu ya mabati, wakarushwa juu, wakatua vumbini wakiendelea kulia kijani, njano, nyekundu. Kofia nazo zikafuata. Wavulana walikimbia uwanjani vifua wazi wakipiga mbinja. Kisanduku kwenye mlingoti kilianza kuita majina yote kwa pamoja mpaka kikakwama kwenye neno "Kidato".

"Madam Eliwaza!" Mwalimu Shango alikuwa ameshika kichwa. "Umetufanyia nini?"

Makiya alimsogelea Eliwaza, akamwingiza chini ya mwavuli kama anayetaka kumnong'oneza habari za msiba. "Rudisha maneno yako. Waambie ulikuwa unawajaribu. Binti nitamwacha, neno langu hilo, nitaandika kupe wake alikuwa mbovu. Mmoja tu. Bado hawajaungua, una dakika tano."

Dakika tano. Yeyote aliyekuwa akimtazama Eliwaza wakati ule angeona mdomo wake umefunguka kabisa kukubali. Sayuni alikuwa anamtazama.

Kabla neno halijatoka, Jumbe Msengi alikuwa amefika mbele ya ngazi, shati amelifunga kiunoni, jasho likimng'aa, kundi zima la Kidato cha Tatu nyuma yake.

"Madam, nipime na mimi!" Alinyoosha mkono, akawageukia wenzake. "Si kupe ni mwongo? Haya, tuone ukweli. Mimi ni chuma, oya!"

"Chuma cha mbuzi!" mtu akajibu, na kicheko kikapanda.

Eliwaza alitoka chini ya mwavuli. Akakibana kipimo mama kwenye mkono wa Jumbe, mkono uliokuwa wa moto kama bomba la pikipiki. Kikalia. Kikalia zaidi. Namba ikaja, na Eliwaza akaiona kabla ya mtu mwingine.

"Ngapi, madam?"

Ulimi wake ulijua njia zote mbili. Angeweza kusema arobaini na tano, kijana akae kivulini mpaka uzee wake. Angeweza kusema ishirini, maana alikuwa mtoto wa miaka kumi na saba mbele ya wenzake, na mama yake alikuwa na huyu tu. Njia zote mbili zilikuwa za huruma.

"Thelathini na saba," alisema.

"Kati ya ngapi?"

"Arobaini."

Kicheko kilikuwa bado kinaendelea kwa nyuma, kikawa kinafa mstari kwa mstari, kadiri namba ilivyopokezwa.

Jumbe alijilamba midomo. "Yaani zimebaki tatu."

"Tatu."

"Za muhula huu?"

"Za maisha, Jumbe."

Alimtazama usoni, akatafuta, na alitafuta kwa muda mrefu. "Hapo umeongeza kidogo, madam. Ili nitie akili. Sema kweli."

"Sijaongeza."

"Hata moja?"

"Hata moja."

Jumbe alibaki amesimama, mkono bado ameunyoosha, kama hajui pa kuuweka. Kati yake na kivuli cha baraza zilikuwa hatua kumi za jua tupu. Alizipima kwa macho. Halafu akafungua shati kiunoni, akajifunika nalo kichwa na mabega, akazikimbia zile hatua kama mtu anayevuka barabara kuu.

Hakuna aliyemzomea. Uwanjani wengine walikuwa bado wanapiga mbinja, vifua wazi, na Eliwaza alijua kwamba baadhi yao hawatakuja kivulini leo, wala kesho, na kwamba lile bakuli huenda atalishika tena.

Mtoto mmoja wa Kidato cha Kwanza, mfupi, kofia kichwani, alipanda ngazi peke yake. Alikunja mkono wa shati mpaka kwenye kiwiko, akaunyoosha, akafumba macho.

"Na mimi, madam," alisema. "Ile ya kweli."